Sheria Haijamkataza Kusikia

16 Nisani, Jumatano

Daktari wangu ameniagiza niandike kila siku jambo lililonipata, ili kumbukumbu yangu ipate mazoezi, kisha nimpelekee aone. Namwomba radhi mapema, kwani mwandiko huu si ule niliofundishwa na walimu wa misheni kule Bombay; vidole havinitii tena. Namwomba radhi Mungu pia, maana katika siku za kati za Pasaka hatuandiki pasipo sababu, ila nadhani agizo la tabibu ni sababu.

Jana jioni, nyota zilipotoka, nilianza kuhesabu Omeri. Daktari alilelewa katika kijiji cha ujamaa ambako watu hawasali, na aliniambia waziwazi kwamba hajui mambo haya, hivyo namweleza kwa ufupi. Kuanzia usiku wa pili wa Pasaka hadi Sikukuu ya Majuma ni siku arobaini na tisa. Kila jioni mwanamume aliyefikia umri wa sheria husema baraka, kisha hutamka siku: leo ni siku ya kwanza, leo ni siku ya pili, hadi mwisho. Aliyesahau usiku anaweza kuhesabu mchana wake bila baraka, na hajaharibu kitu. Aliyesahau usiku na mchana pia, siku hiyo imempotea. Wajibu haujamwondokea, ataendelea kuhesabu, lakini mwaka huo hatabariki tena.

Wanawake hawabanwi na wajibu huu. Mke wangu Milka, aliyetutoka majira ya baridi, hakubanwa, na kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuniruhusu nikae mezani jioni kabla sijahesabu.

Namwandikia daktari haya kwa sababu binti yangu Flora amenipa sharti. Flora ni muuguzi huko Ashdod na anataka nikaishi kwake. Tangu Milka aondoke nimeacha gesi ikivuja mara mbili, na siku moja jirani alinikuta kituo cha basi nimevaa ndara, nisijue naenda wapi. Usiku wa Pasaka, wajukuu walipolala, Flora aliniambia hivi:

“Baba, mimi sitaki kukuburuta. Wewe ndiye unayeongoza hesabu ya Omeri pale sinagogini. Ukifika mwisho bila kupoteza siku, nitanyamaza mwaka mzima, sitalitaja jambo hili. Ukipoteza siku moja, unafunga mizigo.”

Nilimshukuru kwa haki yake, tukapeana mikono. Nyumba hii ya Dimona ni ndogo na ina vumbi la jangwani, lakini ndiyo tuliyopewa siku tuliyoshuka melini, na humu ndimo ninamojua kila kitu kilipo, hata gizani.

17 Nisani, Alhamisi

Siku ya pili. Nilihesabu. Mkate usiochachuka unanisumbua tumbo.

20 Nisani, Jumapili

Lazima nimtaje Bibi Zohra Elbaz, nami nitajitahidi kumtaja kwa heshima. Ni mjane kutoka Meknes, Moroko. Anaishi ghorofa ya tatu, juu kabisa ya ngazi yetu. Mimi naishi chini. Miaka yote Milka alikuwa rafiki yake, nami nilikuwa mtu wa kumwamkia tu. Sauti yake hupasua ukuta.

Jioni, jua likiisha kuzama nami nikitoka kwenda sinagogini, huinama kwenye roshani yake na kuniuliza leo ni siku ya ngapi. Kwa mtu asiyejua, hilo ni swali la ujirani mwema. Kumbe ni mtego. Kwa sheria yetu, jua likishazama, mtu akikuuliza kabla hujahesabu usimjibu “leo ni ya tano,” kwa maana ukishatamka hivyo umekwisha kuhesabu, na baraka ya usiku huo imekupita. Unapaswa kumjibu, “jana ilikuwa ya nne.” Bibi Zohra anaijua sheria hii kama anavyolijua jiko lake. Mimi huniita Mwingereza, kwa adabu zangu za shule ya misheni.

“We Mwingereza! Leo ya ngapi?”

“Jana ilikuwa ya nne, Bibi Zohra.”

“Sijakuuliza jana. Ya jana nimeshaila na sahani nimeosha.”

Wanawake wa ngazi ya pili, ile ya upande wa jirani, wakacheka. Niliinua kofia, nikaenda zangu. Nakiri kwamba sikufurahi.

22 Nisani, Jumanne

Juma la kwanza limetimia. Pasaka imekwisha na mikate imerudi madukani. Nashukuru kwa mkate.

24 Nisani, Alhamisi

Alijaribu tena. Alisema anataka kujua ili apange siku ya kwenda kwa daktari wa meno. Nilimjibu jana ilikuwa ya nane. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba wanaume wa Bombay wanaishi jana tu, ndiyo maana hawaoni leo vumbi lililo mlangoni kwao. Nilifagia mlango.

27 Nisani, Jumapili

Flora alipiga simu. Aliuliza kama nakula. Nilimwambia nimepika maharage kwa tui la nazi. Hakuuliza kuhusu hesabu, nami nikamshukuru kimoyomoyo kwa kutoniuliza. Siku ya kumi na mbili.

1 Iyari, Alhamisi

Upepo wa moto kutoka jangwani. Mbingu ina rangi ya chai. Kichwa kizito.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya kabati bila kujua nimefuata nini. Nilisimama muda mrefu. Hatimaye nikakumbuka: chumvi. Namwomba radhi daktari kwa kuandika jambo dogo namna hii, ila ameniambia niandike ukweli. Niliogopa. Hesabu, hata hivyo, nimeishika: ya kumi na sita.

4 Iyari, Jumapili

Leo mwenyekiti wa sinagogi letu, Bwana Abner Rohekar, alinisindikiza nyumbani. Ni mtu mwema, na alizunguka mno kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Alisema wajumbe wamezungumza. Alisema hakuna anayeniondoa. Alisema yeye binafsi atasimama karibu nami kila jioni, ikiwa tu nitahitaji kitu, maji labda. Nilimwambia naelewa kabisa na kwamba wajumbe wanatenda ipasavyo.

Huenda daktari akashangaa kwa nini wazee tunaishika hesabu hii kana kwamba ni hati ya nyumba. Sisi Wayahudi wa Kihindi tulipofika nchi hii, walikuwapo waliouliza kama kweli sisi ni watu wa agano, kama sheria inatubana au haitubani. Yalikwisha, nami sina kinyongo. Lakini tangu wakati huo, kila jioni ninapotamka siku mbele ya watu, hunijia furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake. Si kila mtu anayeujua utamu wa kubanwa na jambo.

6 Iyari, Jumanne

Bibi Zohra ameuliza kuhusu ndevu zangu, maana katika majuma haya hatunyoi. Amesema nafanana na mbuzi wa nabii fulani. Sikumwuliza nabii gani. Siku ya ishirini na moja.

8 Iyari, Alhamisi

Nimepata kujua jambo. Mke wa Abner ameniambia kwamba Bibi Zohra anajua habari za sharti la Flora. Kuta za ngazi yetu ni nyembamba. Usiku ule wa Pasaka aliyasikia yote, na kesho yake akaisimulia ngazi nzima. Kwa hiyo anajua kwamba nikiteleza nitaondoka, na bado kila jioni anatega mtego wake. Sikudhani kuna ukali wa namna hiyo katika moyo wa mwanamke aliyemwosha marehemu mke wangu.

Naomba radhi kwa sentensi hiyo. Ningeifuta, lakini wino huu haufutiki.

9 Iyari, Ijumaa

Joto. Nimemwandalia Milka taa yake ya Sabato. Ya ishirini na nne.

12 Iyari, Jumatatu

Sikuandika jana. Nitaeleza kwa utaratibu, kadiri ninavyoweza.

Jumamosi jioni, Sabato ikitoka, upepo wa jangwani uliangusha nyaya, na umeme ukakatika mtaa mzima. Nilikuwa nimekaa kitini kwangu gizani, nikitafuta viatu kwa miguu, nijiandae kwenda sinagogini. Ndipo niliposikia kishindo ngazini, kisha sauti ya bati likibingirika, kisha kimya. Ukimya huo ndio ulionitoa mbio.

Bibi Zohra alikuwa amelala katika kona ya kwanza ya ngazi, mguu mmoja umegeuka upande usio wake. Kibati cha mshumaa kilikuwa kimefika hadi mlangoni kwangu. Nilipiga kelele, nami si mtu wa kupiga kelele. Kijana wa ngazi ya pili akakimbia kutafuta simu inayofanya kazi. Gari la wagonjwa lilipofika walimwuliza ana nani. Ana mwana mmoja, Haifa, kaskazini huko. Nikasema ana mimi.

Hospitali ya Beer Sheva ilikuwa imejaa. Walimweka ukumbini juu ya kitanda cha magurudumu, nami nikasimama ubavuni pake nimeshika mkoba wake na kiatu kimoja. Nakumbuka kiatu vizuri. Nakumbuka muuguzi aliyenipa kiti, na taa moja iliyokuwa ikipepesa. Mengine yamechanganyika. Walimpiga picha, wakasema ni nyonga, wakamfanyia upasuaji Jumapili asubuhi. Mwanawe alifika jioni, jua likiwa limeshazama, na ndipo nilipopanda basi la kurudi Dimona. Nilishuka moja kwa moja sinagogini, nikiwa bado na vumbi.

Walinipisha. Nilisimama mahali pangu, nikafungua kinywa nibariki ile ya ishirini na saba. Na katika kufungua kinywa nikaitafuta ya ishirini na sita, nisiione. Nilitafuta kama mtu anavyopapasa mfuko alioutoboa mwenyewe. Usiku ule sikusali popote. Mchana wake sikusali, Mungu anisamehe, nilikaa tu kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Watu walikuwa wakingoja. Nikageuka nikamwambia Abner, kwa sauti ambayo wote waliisikia, “Bwana Mwenyekiti, tafadhali bariki wewe. Mimi jana imenipotea.”

Abner alibariki. Nilijibu amina, kisha nikahesabu pamoja nao, bila baraka, kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyenitazama wakati wa kutoka, na hilo nalo lilikuwa hisani.

Leo asubuhi nimempigia Flora na kumweleza mwenyewe. Alisema nilikuwa naokoa mtu. Nilimwambia hatukuweka kifungu cha kuokoa watu. Nikasikia analia. Kisha akapenga kamasi, akasema kwa sauti ya muuguzi:

“Basi Jumapili nitakuja na gari, Baba. Na maboksi.”

13 Iyari, Jumanne

Nilikwenda kwa Rabi Amsalem, rabi wa mtaa wetu. Sijawahi kumzoea. Ni mtu wa maneno machache, na mbele ya marabi mimi hurudi kuwa kijana aliyeshuka melini, nikingoja kuulizwa babu zangu ni nani.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku amefumba macho. Akauliza, “Bwana Navgaokar, una hakika hukuhesabu, au una shaka? Fikiri kabla ya kunijibu. Mwenye hakika habariki. Mwenye shaka, huyo sheria inamruhusu aendelee na baraka yake kama kawaida.”

Nikafikiri. Nikamwambia nina hakika.

“Una umri gani?”

“Sabini na sita.”

“Na ulikuwa umekesha. Na kuna watu wanaosahau walichokula mchana. Nakuuliza tena, una hakika au una shaka?”

Niliona ananidhihaki kwa uzee wangu. Nilisema nina hakika, nikamshukuru kwa muda wake, nikatoka. Nilipofika nusu ya njia ya nyumbani ndipo nilipotambua kwamba mtu yule alikuwa amenifungulia mlango mara mbili, akaushikilia kwa mkono wake, nami nikaufunga mara mbili. Sikuweza kuupita. Kusema nina shaka wakati sina, ili nibaki na nyumba, kungekuwa wizi mdogo katika jambo takatifu. Lakini nilikuwa na deni la shukrani kwake, nami nilikuwa nimemwachia uso wa baridi. Nikarudi nikamwomba radhi. Akasema, “Kwa lipi?” na akanipa chai.

14 Iyari, Jumatano

Siku ya ishirini na tisa, bila baraka. Nimeanza kutoa vitabu rafuni. Sauti za ngazi zimepungua sana. Sikutarajia kwamba ningeuona ukimya huo kuwa mkubwa kiasi hiki.

15 Iyari, Alhamisi

Daktari atanisamehe, leo nitaandika mengi.

Nilipanda basi kwenda Beer Sheva kumwona Bibi Zohra. Nilibeba machungwa na kile kiatu chake. Nilikuwa nimekusudia kumuaga kwa adabu na kutomlaumu kwa lolote. Nilimkuta amekaa kitandani, anamgombeza mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kuwa supu yake haina bizari, kana kwamba yule ndiye aliyeipika.

Nilimwuliza hali. Akasema wamempa nyonga ya chuma, na kwamba sasa yeye ni wa thamani kuliko basi nililopanda. Kisha akaniuliza kwa nini uso wangu ni kama wa mtu aliyemeza kifungo. Nikamwambia. Nilimweleza kwamba nimepoteza ya ishirini na sita, na kwamba Jumapili Flora atakuja na maboksi.

Alinikodolea macho.

“Nani kakwambia umeipoteza?”

“Mimi mwenyewe, Bibi Zohra. Sikuhesabu.”

“Ulihesabu. Mbele yangu, ukumbini, umekumbatia mkoba wangu kama mama mkwe. Mguu ulikuwa unaniwaka moto, nikasema nikipiga ukelele hapa hawa madaktari watoto watanicheka. Basi nikakuuliza wewe, nipate la kukazania akili. ‘Samson, leo ya ngapi?’ Nikangoja uniambie mambo yako ya jana. Ukasema, ‘Leo ni siku ya ishirini na sita ya Omeri, Bibi Zohra, tafadhali lala.’”

Nilimwambia sikumbuki.

“Utakumbuka wapi, ulikuwa mweupe kuliko shuka. Mimi ndiye ninayekumbuka. Mwezi mzima nakutega hunaswi, kisha unanijibu vizuri kama mtoto wa shule. Nikajua huyu Mwingereza ameogopa kweli. Hapo ndipo na mimi nikaogopa.”

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeielewa sheria kabla ya kuielewa habari yenyewe. Jibu lile ambalo jioni nyingine yoyote lingenikosesha baraka ya usiku mmoja, usiku ule ndilo lililokuwa hesabu yangu. Nilihesabu kwa kukosea.

Lakini mimi ni mtu wa taratibu. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba huenda rabi asikubali, kwa kuwa mimi mwenyewe sikumbuki, na shahidi pekee ni mtu ambaye wajibu wenyewe haumhusu.

Bibi Zohra akamwita muuguzi, akaagiza simu ya magurudumu iletwe. Rabi Amsalem anatoka Meknes kama yeye. Alimjua akiwa bado anatambaa. Hakumwamkia hata kidogo.

“Wewe, mwana wa Freha, nisikilize. Ati mimi sheria hainibani kuhesabu. Sawa. Imenikataza kusikia? Basi mimi nilisikia.”

Kisha akawa anajibu maswali. Rabi alitaka maneno yenyewe, moja baada ya jingine, na kama jua lilikuwa limezama, na kama nilitamka siku kwa uwazi. Alijibu kila swali mara moja tu, bila kuongeza chumvi, na hilo kwake si jambo rahisi. Mwishowe akanipa simu.

“Bwana Navgaokar,” rabi akasema, “katika jambo kama hili neno la mtu mmoja mwaminifu linatosha, awe mwanamume au mwanamke. Umehesabu. Tangu leo jioni bariki.” Kisha akakohoa, akasema, “Na safari hii usinibishie.”

Niliweka simu chini. Nilitaka kumshukuru Bibi Zohra kwa maneno yaliyopangwa vizuri, kama nilivyofundishwa, lakini nilichoweza kumwuliza ni lile lililonichoma tangu juma lililopita: ikiwa alijua habari za sharti, kwa nini alinitega?

Aligeukia dirishani. Alisema mtego ni kwa mtu anayelala. Alisema aliniuliza kila jioni ili nitoke nje nikiwa na nambari mdomoni, kwa maana mtu akilazimika kusema jana ilikuwa ya ngapi, ameshajua leo ni ya ngapi. Jumamosi ile umeme ulipokatika hakuona taa dirishani kwangu, wala hakunisikia nikitoka. Akadhani nimelala. Akachukua mshumaa ashuke kunigongea.

“Nani atabaki nimseme ngazini pale?” akasema. “Wale wa ngazi ya pili hawajibu. Wanacheka tu.”

Nilimenya chungwa, nikampa.

16 Iyari, Ijumaa

Jana jioni nilibariki ya thelathini na moja. Sauti ilinikatika katikati, Abner akanisogezea maji. Amina yao ilikuwa kubwa kuliko sinagogi. Namshukuru Mungu, na ninawashukuru wote, kwa majina yao yote.

18 Iyari, Jumapili

Flora amekuja na gari na maboksi matupu. Alisikiliza kisa akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya boksi moja, likabonyea, tukacheka mpaka akatokwa machozi. Alisema makubaliano ni makubaliano, na kwamba atanyamaza. Lakini aliomba ruhusa ya kukagua gesi kwanza. Nilimruhusu.

Leo, ya thelathini na tatu, ni siku ya mioto, na mwiko wa kunyoa umeondoka; watoto wamekusanya mbao za mtaa mzima, na ukumbi wetu umepoteza mlango mmoja. Nimenyoa ndevu.

25 Iyari, Jumapili

Mwana wa Bibi Zohra alipita. Ni mtu mpole, amechoka. Alisema mama yake anaendelea vizuri, lakini ghorofa ya tatu haitamfaa tena. Daktari amesema ngazi ni mwiko. Atampeleka Haifa, kwenye nyumba ya wazee, pazuri, penye bustani. Aliniomba nimsaidie kumshawishi, kwa kuwa ananiheshimu. Nilimshukuru kwa kudhani hivyo.

Siku ya arobaini. Usiku huu sikusikia usingizi ukija.

28 Iyari, Jumatano

Nyumba zetu zimejengwa kwa ramani moja. Chumba cha kulala kiko kulia, jiko kushoto, dirisha la jiko linatazama mlima uleule. Tofauti pekee ni ngazi. Mimi miguu yangu haina ugonjwa wowote; daktari mwenyewe ameniambia nitembee zaidi. Kilichopungua kwangu ni kumbukumbu, na kumbukumbu haipandi ngazi.

Nilikwenda Beer Sheva nikamwambia Bibi Zohra hivyo, kwa utaratibu huohuo: yeye ashuke, mimi nipande. Nilimwomba radhi kwa rangi ya jiko langu.

“Kwako kuna mende,” akasema.

“Wapo, Bibi Zohra. Wachache.”

“Na ulipigania nyumba hiyo kama simba. Milka alikufa humo.”

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba nilipokuwa natoa vitabu rafuni, nikijua naondoka, nilitazama vyumba vile kimoja kimoja nikiagana navyo, na si kuta nilizoona vigumu kuziacha.

Alinitazama kwa muda ambao ungetosha kuudhi, kisha akaniuliza kama roshani yake nitaweza kuimwagilia maua bila kuwalowesha watu wanaopita chini. Nilimwambia nitajitahidi. Akasema yeye hajawahi kujitahidi.

5 Sivani, Jumanne

Jana jioni nilihesabu ya arobaini na tisa. Kwa baraka.

11 Sivani, Jumatatu

Karani wa kampuni ya nyumba alisema hati za kubadilishana zitachukua miezi. Tulimshukuru, tukahamisha vitanda kwanza. Wanaume wa sinagogi walibeba makabati yangu juu na makabati yake chini, wakikutana ngazini na kutukanana kwa upendo. Flora alikuja kusaidia. Kwa kuwa ameahidi kunyamaza, hakusema neno. Alipanda na sufuria zangu ghorofa tatu huku midomo yake ikitembea bila sauti.

Jioni tulifanya malida nyumbani kwa Bibi Zohra, yaani kwangu kwa zamani, kumshukuru Mungu na kumkumbuka Nabii Eliya kama tulivyofanya kwetu tangu mababu: mchele uliopondwa, nazi, sukari, iliki, na matunda juu yake. Bibi Zohra alikaa kitini na mkongojo wake, hakuwahi kuiona malida kwa karibu. Alionja, akasema inahitaji lozi. Akala sahani mbili. Rabi Amsalem alikuja bila kualikwa, akauliza kila tunda linabarikiwa kwa utaratibu gani kwetu, akasikiliza majibu ya wazee kama mwanafunzi.

Wageni walipoondoka nilipanda juu. Nilipumzika mara moja njiani, namwandikia daktari ukweli. Nilifungua mlango. Vyumba vilikuwa bado na harufu ya bizari za mtu mwingine, na dirisha la jiko lilikuwa wazi, na mlima uleule nilioutazama kwa miaka yote ulionekana sasa wote, hadi bondeni kwake.

Tuna baraka ya mtu anayeingia nyumba mpya: ametuhuisha, ametutunza, ametufikisha wakati huu. Nyumba niliyobadilishana na jirani, katika ngazi ileile, sijui kama sheria inaiita mpya. Rabi alikuwa bado chini ya dirisha, anakwenda zake. Ningeweza kumwita nikamwuliza kama inanipasa.

Sikumwita. Nilibariki.